Maoni Baada ya Habari: Mpaka Mmoja, Shilingi Mbili

Ndugu wasikilizaji, hususan askari mlio zamu usiku na mchana mpakani Busia na Malaba. Leo tuitazame historia ya fedha katika sehemu hizo, kwani ina funzo kwetu sote.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1920, muuza samaki aliyevuka mpaka huo alitumia shilingi moja tu, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa fedha yake. Baadaye alilazimika kujua bei mbili: bei ya samaki na bei ya fedha yenyewe. Asiyeijua hii ya pili, faida yake iliishia kwa mbadili fedha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Bidhaa ziliadimika Uganda na magendo yakashamiri. Kisha, Mei 1987, Uganda ilibadili noti: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na asilimia 30 ikatozwa. Mwenye shilingi 10,000 alibakiwa na 70. Kuondolewa kwa sifuri mbili hakukuwa hasara, maana bei nazo zilihesabiwa upya vivyo hivyo. Hasara ilikuwa zile 30. Lakini mtu asiyefundishwa hesabu angeitambuaje tofauti hiyo?

Siku hizi milango imefunguka. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Uganda ikapata ya MTN mwaka 2009. Mama wa sokoni haihitaji tena kufunga akiba yote kiunoni. Aidha, bidhaa zilizozalishwa katika Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha kwa hati rahisi ya asili ya bidhaa.

Lakini mlango usiojulikana ni sawa na ukuta. Asiyeijua hati hiyo hupita njia za panya, asipate risiti wala kumbukumbu ya kumwonyesha mkopeshaji, na yeyote amsimamishaye aweza kumdai chochote.

Ndugu askari, hapo ndipo wajibu wenu ulipo. Anayemwelekeza mama huyo kwenye ofisi ya forodha, badala ya kuupapasa mfuko wake, ameulinda mpaka na ameilinda riziki. Nchi huhitaji vyote viwili.