Ziba Ufa, Usifiche Kutu

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikwenda Madale, kule mbele ya Tegeta na kilima cha Wazo, kulitazama gari la baba yangu. Ni Peugeot 404 ya mwaka 1968. Mzee alilinunua likiwa limekwisha tumika, mwaka 1979, akaliendesha mpaka magoti yalipokataa kukanyaga klachi. Sasa limelazwa kwenye gereji moja chini ya mwembe. Limevuliwa milango, viti na vioo, imebaki bodi tupu. Mzee ana umri wa miaka 85, na ombi lake ni moja tu: apande tena gari lake kabla ya masika.

Fundi, kijana mpole na mchapakazi, aliniuliza swali ambalo mtu asiyejua angeliona dogo. "Kaka, mishono hii ya bodi tuizibe kwa kitu gani?" Mkononi alikuwa na mrija wa silikoni, ile ile inayotumiwa na mafundi wa madirisha ya alumini. Bei yake nafuu, inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na inakauka upesi.

Nilisita. Miaka kadhaa iliyopita gereji nyingine, ambayo sitaitaja, ililiziba gari hili hili kwa silikoni na kulipaka rangi juu yake. Tulilipokea likimetameta. Baada ya masika mbili nikatia jeki ubavuni ili nibadilishe gurudumu, na jeki ikazama ndani ya bati kama kidole kwenye papai. Chini ya rangi nzuri hapakuwa na chuma tena, palikuwa na kutu. Kwa hiyo swali la yule kijana nililichukua, nikarudi nalo nyumbani, na leo nataka tulitazame pamoja kwa historia yake.

Ukweli ni kwamba watu wa mwambao wetu wamekuwa wakijiuliza swali hilo kwa karibu miaka 2,000. Kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii ya Afrika Mashariki, na kueleza kuwa jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Huo ndio ukoo wa mtepe, chombo ambacho mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya misumari. Palipo na mshono pana mwanya, na palipo na mwanya maji yatatafuta njia.

Baadaye yalipokuja majahazi na mashua za misumari, kazi ya kuziba ikawa ufundi wenye jina lake: kalafati. Fundi huchukua pamba iliyolowa mafuta, akaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo. Juu ya mbao wazee walipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Chini, sehemu inayokaa majini, walipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Angalia hapo, ndugu msikilizaji. Chombo kimoja, lakini dawa tatu. Pamba ni ya ndani ya mwanya, sifa ni ya ubao unaopigwa na jua, deheni ni ya sehemu inayolala majini. Hakuna nahodha aliyemwambia fundi apake deheni kila mahali kwa sababu ni rahisi.

Sasa tuje kwenye gari. Magari ya kwanza yalijengwa kama mkokoteni: chini chesisi nzito ya chuma, juu yake bodi, mara nyingi yenye fremu ya mbao. Bodi ikivuja, abiria ataloa, lakini gari litaendelea kusimama juu ya chesisi yake. Mabadiliko yaliletwa na magari kama Lancia Lambda ya Italia mwaka 1922 na Citroën Traction Avant ya Ufaransa mwaka 1934. Hapo bodi yenyewe ndiyo ikawa mifupa. Mabati membamba yalikunjwa, yakalazwa kingo juu ya kingo, yakachomewa. Peugeot 404, iliyotolewa mwaka 1960 na kuchorwa na Pininfarina wa Italia, imejengwa kwa namna hiyo. Haina chesisi ya kutegemea. Sakafu, mbavu za chini ya milango na nguzo za kioo ndizo zinazobeba injini, magurudumu na roho za watu.

Mabati hayo huchomewa nukta kwa nukta. Kati ya nukta moja na nyingine hubaki mwanya mwembamba kuliko ukucha, na mwanya wa namna hiyo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Viwandani, mishono iliyoonekana ilijazwa risasi iliyoyeyushwa, na iliyojificha ikapakwa dawa nzito za mafuta au za lami. Baadaye viwanda vikaanza kutumia plastiki laini ya PVC, ambayo huiva ndani ya tanuru la kukaushia rangi. Jambo hilo tulishike, kwa maana gereji ya Madale haina tanuru.

Kwa nini 404 ilipendwa sana huku kwetu? Jibu liko barabarani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa ya wakati wa Pasaka ambapo mvua na vumbi hupokezana. Mwaka 1963 yaliingia magari 84 na yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, aliyekuwa akifanya kazi hapa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, tena ndani ya 404. Nowicki na Cliff wakarudia mwaka 1968. Baba na wenzake walisikiliza matokeo redioni, na kila aliyepata mshahara wa kutosha aliota gari hilo.

Kisha zikaja siku ngumu. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin ikafuata mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri pamoja nazo. Mpaka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa mengi, mwenye gari alilitunza kama mzee anavyotunza jino la mwisho. Mafundi wetu hawakuwa na dawa ya mishono, wakatumia walichopata: lami, puti, rangi nene, hata sabuni ya kipande kwenye tangi linalovuja. Siwacheki. Bila wao magari hayo yangekwisha zamani. Lakini dharura ilizaa mazoea, na mazoea yamebaki hata leo ambapo dukani kuna cha kuchagua.

Basi tuchague. Kwanza, vya kukataa. Lami hulainika kwa jua la Dar es Salaam, na madoa yake hupenya rangi. Puti ya bodi hukauka ikawa ngumu kama kigae, na kwa kuwa mshono hutikisika kila gari linapopita kwenye shimo, puti hupasuka na kukaribisha maji. Silikoni ya madirisha ina makosa mawili. Rangi haiishiki, na aina ile inayonuka siki hutoa asidi ya siki inapokauka, nayo asidi hula bati. Ndiyo kusema tulilipa fedha ili tuliletee gari kutu.

Vya kuchukua ni vitatu. Kuna gundi ya poliyurethani, inayokamuliwa kwa bunduki yake. Hushika sana na hunyumbulika, kwa hiyo inafaa mishono inayocheza: sakafu, matao ya magurudumu, ukuta wa mbele ya dereva. Hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku, hivyo anayeipaka nene na kuharakia rangi anajidanganya. Ikiachwa bila rangi, jua huiharibu. Kabla haijakauka ina kemikali iitwayo isosianeti, inayodhuru mapafu. Fundi avae kinga, na asichomee karibu na mahali ilipopakwa, maana ikiungua moshi wake ni sumu.

Ya pili huandikwa kwenye mrija herufi MS. Ilitoka Japani, kwa kampuni ya Kaneka, mwishoni mwa miaka ya 1970. Haina isosianeti, haifanyi mapovu kirahisi kwenye hewa yenye unyevu kama yetu, na rangi huikubali vizuri. Kwa kawaida bei yake iko juu kidogo, lakini kwa fundi anayefanya kazi chini ya mwembe bila mashine ya kuvuta hewa, mimi ningelipa tofauti hiyo. Ya tatu ni epoksi ya kuchanganya sehemu mbili. Hii huwa ngumu, kwa hiyo mahali pake ni kwenye mshono usiotikisika.

Lakini, ndugu msikilizaji, hata dawa bora kuliko zote ni kazi bure ikipakwa juu ya kutu. Mbao za jahazi zikilowa hufura na kuubana mwanya, maji yenyewe yanamsaidia fundi. Chuma hakina wema huo. Kinachofura ni kutu, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nayo huyasukuma mabati mpaka mshono ukafumuka na gundi ikabanduka. Kwa hiyo utaratibu ni huu: ng'oa dawa ya zamani yote, sugua mpaka chuma king'are, kata bati lililooza na kuchomea jipya, paka praima ya epoksi, ndipo uzibe, na rangi ije mwisho. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Liko jambo moja zaidi ambalo wengi hukosea kwa bidii. Chini ya milango na ndani ya mbavu za gari kiwanda kiliacha matundu madogo. Si kasoro, ni njia za maji kutoka. Fundi mwenye ari akiyaziba, gari linakuwa mtungi, na pwani hii maji hayo huja na chumvi ya bahari. Kuziba vema ni pamoja na kujua pa kutoziba.

Nilirudi Madale Jumamosi na mirija ya MS kwenye mfuko. Yule kijana aliielewa hoja upesi, akaanza kung'oa silikoni ya zamani kwa kisu. Kila alipoibandua, bati lilitoka nayo vipande vipande. Ubavu wa kulia wote unahitaji kukatwa, na sakafu upande wa dereva vilevile. Kazi tuliyoihesabu majuma matatu imekuwa miezi, na gharama imepanda zaidi ya nilivyomwambia mke wangu.

Jioni nilikaa na mzee, nikamweleza kuwa masika itatukuta. Ningeweza kumfurahisha kwa kuziba juu juu na kumpaka rangi mwezi huu huu, naye asingejua. Nilimwambia hivyo pia. Alinyamaza kitambo, akauliza kama wajukuu watapanda gari hilo. Nikajibu ndiyo, watapanda. "Basi mwambie akate," akasema, "mimi nitasubiri."

Hadi juma lijalo, kwaherini.