Nafasi ya Kuaminiwa

Katika sheria za kumlinda mtoto kuna kosa ambalo msingi wake si nguvu wala vitisho, bali ni nafasi aliyokabidhiwa mkosaji. Uingereza, mtu wa miaka 16 anaweza kuridhia tendo la ndoa. Hata hivyo, sheria ya mwaka 2003 inamtia hatiani mwalimu anayefanya tendo hilo na mwanafunzi wake wa miaka 16 au 17, na ridhaa ya kijana haimwokoi. Makocha wa michezo na viongozi wa dini hawakuguswa hadi mwaka 2022, kana kwamba kijana hamwogopi kocha anayepanga kikosi!

Kenya ililiweka kosa hili katika kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Kinamtaja mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi wa shule, kisha kinaongeza yeyote aliyeaminiwa kumtunza mwingine. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 10.

Nafasi hiyo tuiiteje? Kwa Kiingereza ni "position of trust", na tafsiri inayokuja haraka ni "nafasi ya uaminifu", nami naikataa. Uaminifu ni sifa ya mtu mwenyewe, na huyu tunayemzungumzia huenda hana hata chembe yake. Tena inalisha utetezi tuliouzoea: "Ustadhi yule? Mzee wa kanisa? Haiwezekani, ni mtu mwema."

"Dhamana" inavutia zaidi. Tanzania tunasema waziri mwenye dhamana ya elimu, na kila mtu anaelewa. Tatizo liko mahakamani, ambako mshtakiwa huachiwa kwa dhamana. Gazeti likiandika kwamba mwalimu "alitumia vibaya dhamana", msomaji atadhani ametoroka kesi.

Basi nabaki na "nafasi ya kuaminiwa", na kosa lenyewe liitwe "kutumia vibaya nafasi ya kuaminiwa". Ni refu, ndiyo, lakini ile -w- ya kutendwa inatuonyesha kwamba wapo waliotoa imani hiyo: mzazi aliyemlipa mwalimu wa tuisheni, kamati iliyompokea kocha bila kuuliza kwa nini aliondoka alikotoka, shule iliyompa dereva funguo za basi. Hao nao wana maswali ya kujibu.

Mtoto akikutajia mtu aliyeitumia vibaya nafasi hiyo, usianze kupima wema wake. Msikilize mtoto, kisha piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, Kenya na Tanzania.