Matayarisho ya Kuziendea Karatasi za Muyaka

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu yapata mwaka 1776 hata yapata 1840, hayakupigwa chapa katika uhai wake. Yalikaa vifuani mwa watu wa Mvita mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipoyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Kazi hiyo aliifanya pamoja na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880. Baadaye karatasi hizo ziliingia katika maktaba ya Chuo cha Mafunzo ya Mashariki na Afrika, London. Hivyo mtu atakaye kuziona zenyewe hana budi kusafiri mbali na Mvita. Na safari hiyo huanza nyumbani.

Tayarisho la kwanza ni kusoma yaliyokwisha kutolewa. William Hichens alitoa diwani ya Muyaka mwaka 1940 huko Johannesburg, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake Nairobi mwaka 1979. Mchunguzi aliyevisoma vyote viwili, akaandika kando kila neno lenye shaka, atafika maktabani na maswali yake tayari. Asiyefanya hivyo atazimaliza siku zake akinakili yaliyokwisha kunakiliwa.

La pili ni hati. Waandishi wa kale wa pwani hawakuwa na alama kwa kila sauti ya Kiswahili. Kasiri ilisimama mahali pa i na pa e. Herufi ya ba ilisomwa b au p, na mara nyingi mb pia. Hivyo "pele" na "mbele" huweza kuandikwa namna moja. Katika shairi, maana ya ubeti, vina na mizani humsaidia msomaji kuchagua. Lakini atachagua vibaya asipokijua Kimvita, ambacho husema "ndia" mahali pa "njia".

La tatu ni tarikhi. Muyaka aliishi zama za ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, uliokwisha mwaka 1837 Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Seyyid. Mengi ya mashairi yake yalikuwa silaha katika ugomvi huo, nayo yamesemwa kwa mafumbo. Asiyejua ni nani aliyekuwa adui wa nani, wala habari za vita vya Shela, ataona mchezo wa maneno mahali palipo na changamoto ya vita.

La nne ni orodha ya maktaba. Maktaba kubwa hupanga karatasi nyingi kwa jina la mtu zilikotoka. Kwa hiyo mchunguzi asitafute Muyaka peke yake. Amtafute na Taylor, kisha ndani ya karatasi za Taylor autambue mkono wa Sikujua. Asipojitayarisha kwa hilo, ataandika kwamba Taylor ndiye aliyeyahifadhi mashairi, na yule mwalimu aliyeyapokea kwa wazee wake atasahauliwa mara ya pili. Barua kwa mtunzaji wa maktaba, yenye nambari za miswada itakiwayo, itangulie safari. Na katika mfuko mna kalamu za risasi, kwa kuwa wino haukaribishwi karibu na karatasi kongwe.

Siku hizi baadhi ya miswada ya Kiswahili ya maktaba hiyo imepigwa picha, nayo yaonekana kwa intaneti. Jambo hilo limepunguza nauli, bali halikupunguza matayarisho, kwani picha haimsomei mtu hati. Neno lililowashinda Hichens na Abdulaziz huenda likajulikana bado kwa mzee wa Mji wa Kale. Yafaa aulizwe kwanza. Maktaba itangoja, mzee hangoji.