Trekta Ndogo, Theluji Nyingi

Tarehe 4 Januari 1958, trekta tatu za shambani zilifika Ncha ya Kusini ya dunia. Hazikuwa vifaru vya jeshi wala mashine za siri za maabara. Zilikuwa Ferguson TE20, trekta ndogo ambazo wakulima wa Uingereza walizitumia kulimia viazi na kuvuta nyasi za ng'ombe. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 28 hivi. Kile kigari kidogo unachopanda ukiita teksi kwa simu hapa Nairobi kina nguvu zaidi ya hizo.

Juu ya trekta hizo walikuwa watu watano kutoka New Zealand, wakiongozwa na Edmund Hillary, yule jamaa aliyefika kilele cha Everest na Tenzing Norgay mwaka 1953. Walikuwa wamesafiri takriban kilomita 2,000 juu ya barafu. Kabla yao, ni misafara miwili tu iliyowahi kufika pale kwa nchi kavu: Roald Amundsen wa Norway, Desemba 1911, akivutwa na mbwa, na Robert Falcon Scott wa Uingereza, Januari 1912, akivuta mzigo wake kwa miguu. Scott na wenzake wanne hawakurudi.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya ushujaa. Mimi nikiisoma naona kitu kingine kabisa. Naona swali la tairi.

Hebu tuanze na kitu tunachokijua. Kama umewahi kuwa ndani ya matatu iliyokwama matopeni msimu wa mvua ndefu, umeona fizikia yote unayohitaji. Dereva anakanyaga mafuta, gurudumu linazunguka, na kadiri linavyozunguka ndivyo linavyojichimbia kaburi. Injini ina nguvu ya kutosha, tena pengine imezidi. Kinachokosekana ni mshiko. Kisha watu wanashuka na kila mtu anakuja na dawa yake. Mmoja anatupa mawe na matawi chini ya tairi. Mwingine anasema tupunguze upepo kidogo, tairi litandazike. Wa tatu anaamuru vijana wakalie upande wa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma gari.

Dawa ni hizo tatu tu: meno, upana na uzito. Meno yang'ate ardhi, upana uzuie gari lisizame, uzito ugandamize gurudumu lishike. Shida ni kwamba dawa hizi hugombana. Ukiongeza uzito, meno yanang'ata vizuri zaidi, lakini pale ardhi ni laini gari linazama haraka zaidi. Na theluji inafanya ugomvi kuwa mkubwa, kwa sababu theluji si kitu kimoja. Asubuhi inaweza kuwa laini kama unga wa chapati, magari yakipita juu yake inashindiliwa kama barabara ya murram, halafu ikiyeyuka kidogo na kuganda tena usiku, inakuwa kioo. Kila hali inataka dawa yake.

Ilichukua miaka 50 kwa watu wa Antaktika kulielewa hilo, na ada waliyolipa ilikuwa kubwa.

Gari la kwanza kufika bara hilo lilipelekwa na msafara wa Ernest Shackleton mwaka 1908. Lilikuwa Arrol-Johnston, zawadi kutoka kwa mfadhili wake William Beardmore, na dereva wake aliitwa Bernard Day. Kwenye barafu ngumu ya bahari lilikwenda vizuri, hata likavuta mizigo. Lilipoingia kwenye theluji laini, magurudumu yake membamba yalizama na kuzungukia palepale. Ni ile matatu yetu ya matopeni, tofauti ni baridi tu.

Scott alijifunza kutokana na hilo. Msafara wake wa mwaka 1910 ulibeba mashine tatu za injini zisizotumia magurudumu kabisa. Zilitembea juu ya mikanda, mtindo ambao leo tunauona kwenye tingatinga. Aliyesaidia sana kuziunda alikuwa mhandisi wa jeshi la majini, Reginald Skelton. Mwishowe Skelton mwenyewe aliachwa nyumbani, kwa sababu cheo chake kingemzidi naibu wa Scott. Yaani mtu anayeijua mashine aliachwa kwa sababu ya itifaki. Mashine moja ilivunja barafu na kuzama baharini ikishushwa kutoka melini, Januari 1911. Mbili zilizobaki zilianza safari Oktoba mwaka huo, mmoja wa mafundi wake akiwa ni yuleyule Bernard Day, na ndani ya siku chache zote mbili zikafa njiani.

Watu wengi husoma sehemu hii na kuhitimisha kwamba wazo la mashine lilikuwa bovu. Si kweli. Mikanda ilishika theluji vizuri. Kilichokufa ni injini, ambazo zilichemka huku hewa yote inayozizunguka ikiwa chini ya sifuri. Jibu la swali la mshiko lilikuwa limepatikana, ila limefungwa kwenye injini isiyolifaa. Scott akaendelea na farasi, ambao kwato zao zilizama kama yale magurudumu ya 1908. Farasi walipokwisha, walibaki binadamu na kamba mabegani. Yaliyofuata yanajulikana.

Wakati huo, majibu mengine yalikuwa yanatafutwa mbali na mashujaa. Mwaka 1904, Harry Weed wa Canastota, jimbo la New York, alipata hataza ya minyororo ya kufunga kwenye tairi. Inasemekana aliona madereva wakizungushia kamba magurudumu yao ili yasiteleze kwenye matope, akawaza kwamba chuma kingedumu zaidi. Ukweli ni kwamba hicho ndicho anachofanya dereva wa Land Rover kwenye barabara zetu mbovu mvua ikinyesha, na wengi wetu hatujui kwamba tunatumia kifaa cha theluji.

Urusi nako, Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa akisimamia magari ya mfalme Nicholas II. Mfalme alitaka kuendeshwa hata theluji ikiwa imefunika nchi. Kégresse akatoa magurudumu ya nyuma na kuweka mikanda inayonyumbulika, mbele akaacha usukani wa kawaida, mara nyingine akiongeza skii. Baada ya mapinduzi ya 1917 alirudi kwao, na kampuni ya Citroën ikalichukua wazo lake.

Na hapa theluji inatupitia mlangoni. Oktoba 1924, Citroën ilituma magari manane ya mikanda ya Kégresse kutoka Algeria kuvuka Afrika. Yalipofika Kampala mwaka 1925 yaligawanyika makundi manne, na moja likashika njia ya Mombasa, jingine Dar es Salaam. Msafara huo ulikuwa tangazo la biashara na la ukoloni kwa pamoja, na picha zake za Waafrika ni za kutazamwa kwa jicho kali. Lakini ile mikanda iliyokanyaga udongo wetu ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Urusi. Mchanga laini na theluji laini, kwa gurudumu, ni ndugu.

Kisha kuna Harry Ferguson mwenyewe, mtoto wa mkulima kutoka kaskazini mwa Ireland. Wazo lake kubwa halikuwa trekta kubwa. Aliunganisha jembe na trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa na pampu ya mafuta, kiasi kwamba ukinzani wa jembe ardhini uligeuka kuwa uzito unaogandamiza magurudumu ya nyuma. Kwa maneno mengine, mzigo uliokuwa ukiikwamisha trekta ndio sasa ulioisaidia kushika. Ndiyo maana TE20, yenye uzito wa tani moja na kidogo, ilifanya kazi za trekta nzito. Ziliundwa zaidi ya nusu milioni mjini Coventry kati ya 1946 na 1956. Mwaka 1953 Ferguson aliiunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada, na hatimaye likazaliwa jina ambalo kila shamba la Uasin Gishu linalijua: Massey Ferguson.

Hillary alipoletewa trekta hizi, kazi aliyopewa haikuwa kufika nchani. Alitakiwa kuweka maghala ya mafuta na chakula kwa ajili ya Vivian Fuchs, Mwingereza aliyekuwa akilivuka bara kutoka upande wa pili kwa mashine kubwa za kisasa zilizoitwa Sno-Cat. Mafundi Jim Bates na Murray Ellis ndio waliozitunza trekta. Zilifungwa mikanda iliyozunguka magurudumu yote, ya mbele hadi ya nyuma, huku gurudumu la ziada likiwekwa katikati kuishikilia. Tairi haikutupwa. Iliendelea kuzunguka ndani ya mkanda, na mkanda ukawa barabara ambayo trekta inajitandikia na kuikunja yenyewe. Magurudumu ya mbele hayakuweza tena kukata kona, kwa hiyo dereva alipinda kwa kukanyaga breki ya upande mmoja.

Waliondoka kambi yao ya Scott Base tarehe 14 Oktoba 1957. Walipanda kwenye nyanda za juu kupitia mto wa barafu unaoitwa Skelton. Ndiyo, Skelton yuleyule. Msafara wa kwanza wa Scott ulikuwa umelipa jina lake ghuba ya pale chini, na mto wa barafu ukalirithi. Mhandisi aliyeachwa nyumbani mwaka 1910 alikuwa ndiye jina la njia ambayo hatimaye mashine ya mikanda ilipitia kwenda nchani. Sijui kama kuna aliyecheka siku hiyo. Mimi nilicheka.

Huko juu, karibu mita 3,000, hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa. Theluji ikawa laini, trekta zikaanza kuzama na kuzungukia palepale. Hawakuwa na njia ya kuongeza nguvu, kwa hiyo walipunguza mzigo. Walifungana kwa kamba ili trekta moja ikitumbukia kwenye nyufa zilizofichwa na theluji, nyingine ziizuie. Walipofika nchani mafuta yalikuwa karibu kwisha. Hillary hakuwa na ruhusa kamili ya kwenda hadi pale, na ugomvi wake na Fuchs ulifika magazetini. Fuchs alifika nchani siku 15 baadaye, na tarehe 2 Machi akamaliza kulivuka bara zima. Hiyo ni kazi kubwa, nampa heshima yake. Lakini waliotangulia nchani ni wale wa trekta za viazi.

Miaka hiyo yote 50 imefungashwa ndani ya uamuzi ambao leo mtu wa Vermont au Ontario anaufanya kila Novemba, akitaka trekta yake ndogo isukume theluji mlangoni. Atakuta tairi za aina tatu. Za shamba, R1, zina meno marefu yaliyoachana. Zinachimba vizuri theluji laini, lakini kwenye barafu zina kingo chache za kushikia. Za nyasi, R3, ni pana na zina vijimeno vingi vifupi. Mtu huzidharau, kumbe kwenye theluji iliyoshindiliwa hufanya vizuri kuliko zinavyoonekana. Za R4, zilizotengenezwa kwa kazi za ujenzi, ni imara na hazitoboki ovyo, ila raba yake ngumu na meno yake mapana huteleza kwenye barafu.

Kwenye kioo chenyewe hakuna tairi tupu inayotosha. Hapo ndipo Weed anarudi na minyororo yake. Ile ya mtindo wa ngazi ni rahisi, lakini kwenye R1 vyuma vyake vinaweza kutumbukia katikati ya meno vikapotea. Ile iliyosukwa kama almasi hubaki juu, na hushika hata trekta ikitaka kuserereka kwa ubavu. Kabla ya kununua unapima nafasi kati ya tairi na bodi, na unakubali kwamba saruji ya mlangoni itakwaruzika. Kisha uzito: koleo la mbele likijaa theluji, nyuma hunyanyuka. Kwa hiyo watu hujaza tairi maji yenye chumvi ya kalsiamu yasigande, au huning'iniza sanduku la mchanga nyuma, kwenye mikono mitatu ya Ferguson. Anayeishi mlimani hununua minyororo kwanza. Mwenye uwanja tambarare huanza na uzito. Jibu linatoka ardhini, halitoki dukani.

Nina sababu yangu ya kumpenda Hillary kidogo. Aliacha chuo baada ya miaka miwili akaenda kufuga nyuki na baba yake. Mimi pia niliacha, ingawa sina nyuki. Lakini sitaki kumfanya jibu la hadithi hii. Scott hakukosa ujasiri, na Hillary hakumzidi kwa ujasiri. Kilichobadilika kati yao ni kwamba watu wa gereji, wa shamba na wa karakana walikuwa wamekaa miongo minne wakifikiria jinsi gurudumu linavyogusa ardhi.

Kwenye noti ya dola 5 ya New Zealand iliyotoka miaka ya 1990 kuna sura ya Hillary, na pembeni yake, kadogo, kuna trekta. Bates na Ellis hawamo. Angalau trekta imo.