Shikamoo: Neno na Asili Yake

Juzi nilikuwa nikipita hapa kwetu Kona ya Musa nikaona kijana anatoka kazini. Bibi yake ameketi barazani. Kijana akasema, "Mambo, bibi," akaingia ndani. Bibi akanyamaza kimya. Nilipomwuliza baadaye mbona hakumwamkia ipasavyo, alinijibu, "Mchungaji, nimesoma kwamba shikamoo ni salamu ya watumwa. Mimi si mtumwa wa mtu."

Sikumkemea, maana alilosema ni kweli. Shikamoo ni maneno yaliyofupishwa. Zamani mtu alisema "nashika moo", yaani, naishika miguu yako. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wetu Waanglikana huko Unguja, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili, na humo aliieleza kuwa ni salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Waungwana wenyewe kwa wenyewe walipeana sabalkheri na masalkheri. Na Steere hakuwa akibahatisha. Alikuwa ameishi Unguja wakati watu wangali wakiuzwa sokoni Mkunazini. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu likajengwa papo hapo. Kwetu pwani ya Kenya, sheria ilikuja kuufuta utumwa mwaka 1907 tu.

Sasa tazama jibu lake, marahaba. Hili limetoka katika Kiarabu, nalo ni neno la kumkaribisha mgeni. Asili yake ni upana, nafasi ya kutosha. Aliyeshikwa miguu alijibu kwa neno la kukaribisha, ingawa sidhani mabwana wengi walifikiri walichokuwa wakisema.

Utumwa ulipokwisha, watu wangeweza kuizika salamu ile pamoja na minyororo. Hawakuizika. Waliiondoa kwa bwana wakampa mzee. Leo ajuza asiye na shilingi hupewa shikamoo na mtu mwenye gari, na mwenye gari akikosa kuitoa, aibu ni yake. Hapo ndipo sikukubaliana na kijana wangu. Alijua neno lilikotoka, lakini hakuuliza limefika wapi.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, yule mama Mshunami aliyefiwa na mtoto alimwendea Elisha mlimani, akamshika miguu. Gehazi akakaribia ili amwondoe. Elisha akamkataza: mwache, ana uchungu moyoni. Mshika miguu alikuwa na jambo zito la kusema, na mtumishi wa Mungu akasimama amsikilize.

Nikisoma hapo naona haya. Watoto wa shule hunipa shikamoo njiani, nami hujibu marahaba huku nakwenda zangu, hata sura zao sizioni. Yawezekana vijana wameichoka salamu hii kwa sababu sisi wakubwa tunaipokea kama kodi.

Jioni ile nilipita tena njia ile ile, na kichwani natunga mazungumzo haya. Kijana alikuwa amekaa mkekani karibu na bibi, wanamenya mihogo. Kama alimwamkia, sikusikia. Bibi ndiye aliyeniita kwa sauti: "We mchungaji! Wapita hivyo hivyo, huamkii watu?"

Nikarudi nyuma, nikampa shikamoo yake.