Kosa Moja, Lawama 23

Kila aliyewahi kuchomeka bodi ya Arduino kwenye kompyuta anayajua yale maandishi mekundu. Umeandika mistari kumi na tano ya kuwasha na kuzima taa moja, umebofya alama ya vema, na badala ya taa kuwaka, sehemu ya chini ya skrini inajaa maneno ya Kiingereza, namba za mistari na majina ya mafaili usiyoyajua. Wengi huyasoma kama hukumu: huwezi, hii si kazi yako. Mimi huwafundisha wanafunzi wa sekondari kazi hii siku za Jumamosi hapa Mwanza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaambia jambo moja. Maandishi hayo yana historia, na ukiijua hofu inapungua. Karibu kila tabia yake ya ajabu ilianza kwa sababu ya maana, kwa ajili ya watu fulani ambao hawakuwa wewe.

Kompaila ni programu inayochukua maneno aliyoandika mtu na kuyageuza kuwa amri za namba ambazo chipu inazielewa. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyefanya kazi kwenye kompyuta ya UNIVAC, tayari alikuwa na programu yake ya mwanzo ya aina hiyo, A-0. Mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM likatoa FORTRAN, na kuanzia hapo mwanasayansi aliweza kuandika kanuni za hesabu karibu kama anavyoziandika daftarini.

Lakini siku hizo hukukaa mbele ya kompyuta. Programu ilitobolewa kwenye kadi za karatasi ngumu zenye safu 80, kila herufi ikiwa na matundu yake. Ulifunga bunda lako la kadi, ukalikabidhi kwa wahudumu wa mashine, ukaenda zako. Majibu yalirudi baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake. Sasa fikiri: kompaila ingesimama kwenye kosa la kwanza, ungesahihisha kadi moja, ungerudi kwenye foleni, na kesho ungeambiwa kosa la pili. Programu yenye makosa kumi ingekula siku kumi.

Kwa hiyo waandishi wa kompaila walifanya jambo la huruma: waliifundisha kuvumilia. Ikikuta kosa, inakisia ulikusudia nini, inaruka hadi mahali panapoonekana salama, kisha inaendelea kutafuta mengine, ili ukiondoka na karatasi yako uondoke na orodha nzima. Vyuo vikuu, vyenye wanafunzi wengi na mashine chache, viliihitaji huruma hiyo kuliko wote. Mwaka 1965 wanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliandika WATFOR, kompaila ya FORTRAN iliyolengwa wanafunzi wenzao, ya haraka na yenye maelezo ya makosa yanayoeleweka. Chuo Kikuu cha Cornell nacho kilitengeneza PL/C, iliyokwenda mbali zaidi: ilijaribu kulisahihisha kila kosa yenyewe na kuiendesha programu hivyo hivyo, hata kama imebahatisha vibaya.

Huruma hiyo ndiyo iliyomfikia mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, zaidi ya nusu karne baadaye, ikiwa imegeuka adhabu. Aliniita mezani kwake.

“Mwalimu, nina makosa ishirini na matatu.”

Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kuacha. Nilipotazama nikaona bano moja la kufunga, lile lenye mkunjo, limezidi katikati ya programu. Kwa kompaila, bano hilo lilikuwa limeimaliza kazi palepale. Kila amri iliyofuata ikawa iko nje, mahali ambapo amri haziruhusiwi. Kompaila ikavumilia, ikaruka, ikakuta mstari mwingine ulio nje, ikalalamika tena, na tena.

“Soma la kwanza tu,” nilimwambia. “Mengine yaache.”

Alifuta bano, akabofya. Yote yakaondoka.

“Kwa hiyo nilikosea mara moja?”

“Mara moja.”

Akaguna. “Sasa hayo mengine ishirini na mawili yalikuwa ya nini?”

Alikuwa ameuliza swali la historia bila kujua, na jibu lake ni bunda la kadi. Mashine iliyokuwa mbele yake ingeweza kuijaribu upya programu yake katika sekunde chache, lakini bado ilikuwa inamhurumia kama mtu atakayengoja mpaka kesho.

Wapo waliolitambua hili mapema. Mwaka 1983 kampuni ya Borland iliuza Turbo Pascal, iliyotokana na kompaila ya Anders Hejlsberg, kwa dola 49.95. Ilikuwa na kasi kubwa, na kompyuta ilikuwa yako peke yako, kwa hiyo ilisimama kwenye kosa la kwanza, ikakuwekea kishale hapo hapo, ikakungoja. Kosa moja, ujumbe mmoja. Lakini kompaila inayofanya kazi ndani ya Arduino haitoki katika ukoo huo. Ni GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987 kwa ajili ya mradi wake wa programu huru wa GNU. Watumiaji wake walikuwa waandishi wazoefu wenye programu ndefu, na mzoefu hupenda kuona orodha nzima, kwa sababu anajua ipi ya kupuuza.

Chukua pia nukta mkato. Umeisahau mwishoni mwa mstari wa 7, lakini unaambiwa kosa liko mstari wa 8: “expected ';' before 'delay'”, yaani nukta mkato ilitarajiwa kabla ya neno delay. Unautazama mstari wa 8 kwa dakika kumi na hauna kasoro yoyote. Katika FORTRAN ya kadi jambo hili lisingetokea kirahisi, kwa kuwa kwa kawaida kadi moja ilibeba sentensi moja; kadi ikiisha, sentensi imeisha. Walioandika lugha ya ALGOL 60 ndio walioikata kamba hiyo. Walitaka mwandishi apange mistari yake apendavyo, na nukta mkato ndiyo itenganishe sentensi. Dennis Ritchie alipoiunda C katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, lugha hiyo ikaurithi uhuru huo, na programu za Arduino zikaurithi kutoka kwa C.

Uhuru huo una bei. Kwa kompaila, mwisho wa mstari ni nafasi tupu tu. Inaupita, inashuka mstari wa 8, inakutana na delay, na hapo ndipo inapogundua kwamba kuna kitu kimekosekana. Mstari inaoutaja ni mahali iliposhtuka, wala haidai kwamba ndipo ulipokosea. Tangu toleo la 8, la mwaka 2018, GCC hujitahidi kuonyesha mwisho wa mstari uliotangulia. Lakini GCC iliyofungashwa na Arduino kwa bodi kama Uno ilibaki miaka mingi kwenye toleo la 7.3.

GCC ilifikaje mezani kwa mtoto wa kidato cha tatu? Njia yake inapita Trondheim, Norwe, ambako wanafunzi wawili, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, walibuni chipu ya AVR iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Atmel katika miaka ya 1990. Kisha inapita Ivrea, Italia, mji wa mashine za kuandikia za Olivetti. Huko, mwaka 2003, Hernando Barragán kutoka Kolombia alianza kuunda Wiring kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamili, ili wasanii na wabunifu waweze kutumia maikrokontrola bila kusomea uhandisi. Mwaka 2005 Massimo Banzi, David Cuartielles na wenzao walijenga juu ya msingi huo bodi ya bei nafuu zaidi, wakaipa jina la baa ya mjini iliyokuwa imepewa jina la mfalme wa kale, Arduino wa Ivrea.

Ubunifu wao mkubwa ulikuwa kuficha. Wewe unaandika vipande viwili tu, setup na loop. Nyuma ya pazia, programu inaongeza mistari yake yenyewe, inapanga mambo ambayo C++ inadai yatangazwe mapema, kisha inaikabidhi kazi yote kwa GCC. Pazia hilo linafanya kazi vizuri sana mpaka utakapokosea. Hapo anayezungumza si Arduino tena, ni GCC, na GCC haijui kwamba kuna pazia. Ndiyo maana mtoto anayedhani anaandika “lugha ya Arduino” anaanza ghafla kuambiwa habari za constructor na scope, maneno ambayo hakuna aliyemfundisha.

Ujumbe ninaoupenda kuliko yote ni huu: “stray '\342' in program”. Kuna 342 iliyopotea njia ndani ya programu yako. Mwanafunzi hajaandika 342 popote. Alichofanya ni kunakili mfano kutoka kwenye waraka uliopambwa, ambao umezigeuza alama za usemi zilizonyooka kuwa zilizopinda. GCC inazitambua zilizonyooka tu, zile za ASCII, kiwango cha Marekani cha miaka ya 1960 chenye nafasi 128. Alama iliyopinda haimo humo. Imo katika UTF-8, mfumo waliobuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ule ule unaoiwezesha simu yako kuandika Kiarabu na Kiamhari. Humo inachukua baiti tatu, na GCC inazilalamikia moja moja, kwa hesabu ya msingi wa nane iliyokuwa desturi enzi C ilipozaliwa: 342, 200, 234. Malalamiko matatu kwa alama moja ambayo jicho haliwezi kuitofautisha na ile halali.

Watu wa kujitolea wameutafsiri ujumbe wa GCC kwa lugha nyingi, zikiwamo Kiindonesia, Kivietnamu na Kituruki. Kiswahili hakimo. Ningefurahi kingekuwemo, maana nimewaona vijana wenye akili kali wakidhani tatizo lao ni Kiingereza. Hata hivyo, ukiambiwa kwa Kiswahili safi kwamba 342 imepotea njia, bado hujaambiwa ufute nini. Wanafunzi wa Waterloo walifaulu kwa sababu walipokuwa wakiandika walimfikiria mwanafunzi mwenzao anayesubiri karatasi yake.

Kwenye ukuta wa chumba chetu kuna karatasi za manila. Kila anayekutana na ujumbe mpya anaunakili hapo, na chini yake anaandika kwa maneno yake mwenyewe alifanya nini mpaka ukaondoka. Ukiona 342, futa alama za usemi uziandike upya kwa mkono. Ukiona mstari hauna kosa, tazama ulio juu yake. Yakiwa mengi, anza na la kwanza. Tumefika karatasi ya tatu, na waliojiunga mwaka huu wanasoma ukuta kwanza ndipo wananiita.