Plastiki ya mahindi ilivyopitia chumba cha upasuaji

Mwaka 1932, katika maabara za kampuni ya DuPont mjini Wilmington, Marekani, mkemia Wallace Carothers na wenzake walitengeneza plastiki kutokana na asidi ya laktiki, ile ile inayoyapa maziwa ya mgando uchachu wake. Ilitoka dhaifu, molekuli zake fupi. Tena ilikuwa na tabia moja isiyopendeza kwa watu waliokuwa wakitafuta nyuzi za kudumu: unyevu na joto huivunja. Carothers akaendelea na utafiti mwingine, akagundua nailoni mwaka 1935, na miaka miwili baadaye akafariki. Plastiki ile, asidi ya polilaktiki, kwa kifupi PLA, haikumpa umaarufu wowote.

Walioiona thamani yake ni madaktari.

Kwa vizazi vingi, uzi wa kushonea jeraha la ndani ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Uliyeyuka mwilini, lakini daktari hakuweza kujua kwa uhakika ni lini. Mgonjwa aliyeungwa mfupa kwa chuma naye mara nyingi alipasuliwa mara ya pili ili chuma kitolewe. Palihitajika kitu kinachoshika kwa muda unaojulikana, kisha kiondoke chenyewe. Mwaka 1966 watafiti wa jeshi la Marekani, akiwemo R. K. Kulkarni, walichapisha matokeo ya kuweka PLA ndani ya wanyama wa maabara: mwili uliivumilia, nayo ikayeyuka polepole. Maji ya mwilini hukata minyororo ya plastiki hiyo na kuirudisha kuwa asidi ya laktiki, ambayo misuli yetu huizalisha kila tunapokimbia. Mwishowe hubaki maji na hewa ya kaboni tunayoipumua nje. Kile kilichokuwa kasoro Wilmington ndicho hasa daktari alichokihitaji.

Mengine yakafuata kwa kasi. Mwaka 1974 kampuni ya Ethicon ilileta uzi wa Vicryl, uliochanganya sehemu moja ya laktaidi, inayotokana na asidi ya laktiki, na sehemu tisa za ndugu yake, glikolaidi. Uzi huo ungali unatumika hospitalini hadi leo. Mjini Helsinki, Finland, mwaka 1984, timu ya Pentti Rokkanen ilianza kuunga vifundo vya miguu vilivyovunjika kwa vijiti vya plastiki ya jamii hii vinavyoyeyuka, na mgonjwa hakuhitaji kurudi kutolewa kitu. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha sindano ya saratani ya tezi dume ambayo dawa yake imefungwa ndani ya chembe ndogo za plastiki ya jamii hii, zikiiachia kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Plastiki hii ilimfaa mgonjwa kweli kweli.

Lakini hospitali hutumia gramu, soko la vifungashio hudai maelfu ya tani. Bei ya PLA haikuruhusu hata kuifikiria kwa kikombe cha juisi, mpaka kampuni ya Cargill ilipoanza kutafuta matumizi mapya ya mahindi ya wakulima wa Marekani. Mkemia wake Patrick Gruber alifanya baadhi ya majaribio ya mwanzo kwenye jiko la nyumbani pamoja na mkewe Sally, naye mkemia. Wanga wa mahindi hugeuzwa sukari, bakteria huichachusha sukari kuwa asidi ya laktiki, kisha asidi hiyo huunganishwa kuwa minyororo mirefu. Mwaka 2002 kiwanda kikubwa kilifunguliwa Blair, Nebraska, chenye uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Baadaye Rayong, Thailand, kukajengwa kingine cha tani 75,000, kinachotumia miwa.

Hapo ndipo sifa za bidhaa hiyo, kwamba inaoza yenyewe, zilipoanza kuuzidi ukweli. Mwilini PLA inazungukwa na maji na joto wakati wote. Mtaroni hali si hiyo. Ili ioze upesi inahitaji mtambo wa mboji wenye unyevu na joto la karibu nyuzi 60, kwa wiki kadhaa. Baharini inaweza kukaa miaka. Joto hilo hilo huilegeza, ndiyo maana kikombe cha PLA ya kawaida hakifai kwa chai ya moto.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na wafanyabiashara wanaendelea kutafuta mbadala. PLA inaweza kuwa mmojawapo, na nchi zinazolima miwa na mahindi zina sababu ya kuitazama kwa makini. Ila halmashauri inayoruhusu vifungashio hivyo bila kuwa na mtambo wa mboji wa kuvipokea inabadilisha aina ya taka tu. Msomaji ukiviona dukani, muulize muuzaji vinaozea wapi na nani atavikusanya.